Mkutubi wa Arua na mitandao isiyo yake

Mkutubi wa Arua au Koboko, miji ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, anayetaka kuipeleka maktaba yake mtandaoni huanza na swali la chombo. Facebook au WhatsApp? YouTube au TikTok? Afungue blogu, au ahangaike na X? Swali ni halali, na kila kijana mwenye simu janja mjini analo jibu lake. Lakini hilo ndilo jepesi. Zito ni hili: siku chombo kitakapofungwa, kitakapobadilisha masharti au kitakapokufa, msomaji atabaki na nini mkononi, na maktaba itabaki na nini kabatini? West Nile, eneo la miji hiyo, inafaa sana kwa uchunguzi wa swali hili, kwa sababu mambo ambayo kwingine ni hofu tu, huku yamekwisha kutokea.

Wazo la mkutubi kujaribu vyombo vya mtandaoni lina umri wa kutosha sasa kulipima. Mwaka 2005 Mmarekani Michael Casey alianza kuandika kuhusu maktaba inayomshirikisha msomaji wake kupitia intaneti. Mwaka 2006 Helene Blowers, wa maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg huko North Carolina, akatunga mafunzo ya mambo 23: kila mfanyakazi, kwa wakati wake, afungue blogu, apakie picha, ahifadhi viungo, asikilize podikasti, ahariri wiki. Maktaba nyingi duniani ziliyaiga. Yalikuwa na fadhila moja kubwa, nayo ni kumpa mkutubi ruhusa ya kujaribu bila kungoja semina wala barua ya mkubwa. Ila ukiipitia orodha yao leo utasikitika. Bloglines imekufa. Technorati iliacha kutafuta blogu. Delicious, iliyokuwa kabati la viungo la wakutubi wengi, haikupokea tena kiungo kipya tangu 2017. Flickr na LibraryThing zipo bado. Kwa hiyo aliyejifunza chombo alipoteza alichojifunza. Aliyejifunza kuchagua, kupanga na kueleza alihama na ujuzi wake.

Mafunzo yale yalichukulia pia kwamba umeme upo na intaneti ya ofisi haikatiki. Arua ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea kampuni ya WENRECO, majenereta yake na kituo kidogo cha maji cha Nyagak cha megawati 3.5 kilichoanza kazi mwaka 2012. Gridi ya taifa ilifika mwaka 2024. Mtu aliyepakia video katika mji huo kabla ya hapo alikuwa akipanga pia na ratiba ya umeme.

Uganda yenyewe ilianza majaribio mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kituo cha mawasiliano cha Nakaseke, kilichounganisha maktaba, simu na kompyuta chini ya paa moja, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2003, mwaka uleule Sheria ya Maktaba ya Taifa ilipopitishwa, Maktaba ya Taifa ilizungusha gari lenye kompyuta na mashine ya kuchapa: vitabu visivyobanwa tena na hakimiliki vilichukuliwa kwenye intaneti, vikachapwa, vikakatwa na kujalidiwa palepale kijijini. Baadaye, katika miaka ya 2010, wanawake wakulima wa kaskazini walitumiwa habari za hali ya hewa na kilimo kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa Kiluo. Ukiyatazama majaribio haya mawili ya mwisho utaona yote mawili yalimalizia safari kwenye kitu ambacho msomaji tayari alikuwa amekizoea: karatasi yenye jalada, au simu ya kitochi isiyohitaji bando. Intaneti ilikuwa njia ya mkutubi. Msomaji hakulazimika kuipita yeye mwenyewe.

Hapo ndipo tofauti na leo ilipo. Mitandao ya kijamii inamtaka msomaji aje mwenyewe, alipe mwenyewe, akae huko.

Malipo hayo yalipata sura ya wazi kabisa tarehe 1 Julai 2018, kodi ya mitandao ilipoanza. Shilingi 200 kwa siku ndipo ufungue WhatsApp, Facebook au Twitter, mbali na bei ya bando. Kwa mwezi ni shilingi 6,000. Kwa mwenye mshahara si kitu. Kwa mwanafunzi wa sekondari wa Koboko ni fedha inayotafutwa. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021 na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando la intaneti, ambao msomaji hauoni kwa macho lakini anaulipa. Mkutubi anayeweka video ya dakika kumi kuhusu vitabu vipya ajue kwamba amempelekea msomaji bili. Picha moja ya jalada na maneno matatu chini yake inamgharimu msomaji sehemu ndogo sana ya hiyo, na kwa kazi nyingi za maktaba inatosha.

Halafu likaja jambo la Facebook, ambalo kwa watu wa West Nile lina uchungu wa pekee. Mwaka 2017 Facebook, Airtel na kampuni ya BCS walitangaza kujenga mkongo wa kilomita 770 kaskazini-magharibi mwa Uganda. Serikali nayo ikafikisha mkongo wake wa taifa hadi Arua na Koboko. Kwa mji ambao kwa miaka mingi barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ilikuwa ndoto, ile ya kilomita 92, kupata lami na mkongo katika muongo mmoja lilikuwa jambo kubwa. Kisha tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ikafungwa nchi nzima, baada ya Facebook kuondoa akaunti kadhaa zilizohusishwa na serikali. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa. Ilirudi tarehe 18. Mitandao mingine ikafunguliwa Februari, lakini Facebook iliendelea kufungwa kwa miaka. Kampuni iliyosaidia kuleta mkongo ikawa ndiyo isiyofikika kwa mkongo huo, isipokuwa kwa VPN, programu ya kukipita kizuizi hicho.

Kijana wa mtaani anaweka VPN bila kufikiri mara mbili. Mtumishi wa maktaba ya umma yuko katika hali nyingine. Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, maktaba za umma ziko chini ya halmashauri, na Maktaba ya Taifa inabaki kushauri na kusaidia. Mkutubi ni mfanyakazi wa serikali ya mtaa. Atauendeshaje ukurasa rasmi wa taasisi ya umma kwa kupita mlango ambao serikali kuu iliufunga? Na akiuacha, picha na maoni ya wasomaji yaliyowekwa hapo kabla ya 2021 ni ya nani? Sioni jibu zuri kwa swali la kwanza. Kwa la pili jibu lipo, nalo ni la kazi ya kila wiki: chochote kinachowekwa mtandaoni kiwe kimetengenezwa kwanza kama kitu cha maktaba, na nakala yake ikae kwenye diski ya ofisi. Mtandao upewe nakala. Asili isitoke nyumbani.

Kwa vitendo, chombo kilichoshinda Arua ni WhatsApp. Kanisa lina kundi, ukoo una kundi, wauza nguo wa soko kuu wana kundi, waliosoma pamoja wana kundi. Maktaba ikitaka kuwa walipo watu, itakuwa huko. Lakini makundi yana mitego ambayo mkutubi, kwa maadili ya kazi yake, anapaswa kuiona kabla ya wengine.

Mtego wa kwanza ni namba. Ukimwingiza mtu kwenye kundi, namba yake inaonekana na kila mwanachama. Katika Arua na Koboko miongoni mwa wasomaji wamo wakimbizi kutoka Sudan Kusini na Kongo. Makazi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule yako jirani, na Bidi Bidi ya Yumbe, iliyofunguliwa Agosti 2016, ilikuja kuwa miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani. Katika watu hao wamo waliokimbia watu wanaowajua kwa majina. Maktaba ambayo miaka yote haikumwambia mtu yeyote nani ameazima kitabu gani haiwezi kuanika namba za wasomaji wake kwa sababu tu kundi ni rahisi kufungua. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, lakini hata isingekuwepo, adabu ya kazi ingetosha kulikataza hilo. Orodha ya kutangazia inaficha namba, ila ujumbe unamfikia tu yule aliyeihifadhi namba ya maktaba kwenye simu yake. Chaneli za WhatsApp, zilizoanza 2023, zinaficha namba za wafuasi na hazihitaji hilo. Kwa matangazo ya maktaba ningechagua chaneli bila kusita, na kundi nikaliacha kwa klabu ndogo ya usomaji ambayo wanachama wake wanajuana uso kwa uso na wameulizwa.

Mtego wa pili ni uvumi. Mwishoni mwa Juni 2019 mgonjwa wa Ebola alithibitishwa Ariwara, ng'ambo tu ya mpaka, mahali ambapo watu wa Arua huenda na kurudi kwa biashara. Mwaka uliofuata ikaja korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Katika nyakati kama hizo ujumbe wa dawa za mitishamba, wa chanjo, wa mpaka kufungwa, unazunguka usiku kucha. WhatsApp ilipunguza kasi: tangu 2019 ujumbe unasambazwa kwa mazungumzo matano tu kwa mkupuo, na tangu Aprili 2020 ule uliosambazwa sana, wenye alama ya mishale miwili, kwa mazungumzo mamoja. Mkutubi anaweza kuwafundisha watu kuisoma mishale hiyo. Ni somo la dakika moja, na lina faida kuliko hotuba ndefu kuhusu habari za uongo. Ukiona mishale miwili, jua kwamba aliyekutumia hakuandika, na huenda hata aliyemtumia hakuandika.

Kuna chombo ambacho wakutubi wa Afrika wamekikaribia vizuri zaidi kuliko hivi vya kampuni, nacho ni Wikipedia. Kampeni ya kumtaka kila mkutubi aongeze rejeo moja kwenye makala ilianza Januari 2016, na muungano wa maktaba za Afrika, AfLIA, wenye makao Accra, umewafundisha wakutubi wa bara hili kuihariri. Kazi hiyo ni ya mkutubi hasa: kutafuta chanzo, kukipima, kukinukuu. Tena Wikipedia inaweza kubebwa. Programu ya Kiwix inaiweka nzima kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, ikasomwa bila intaneti. Tarehe 14 Januari 2021, maktaba iliyokuwa na Kiwix ingeweza kumhudumia mwanafunzi kama kawaida huku nchi nzima ikiwa kimya. Kuendelea kutumika siku kama hiyo ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa kila chombo kinachojaribiwa, kabla ya kuhesabu wafuasi.

Lugha inalifanya suala zima kuwa zito zaidi, na pia kuwa na matumaini zaidi. Arua husikika Kilugbara, na Kialur kutoka Nebbi na Zombo, Kikakwa cha Koboko, Kiaringa, Kimadi, Kinubi, Kilingala na Kibangala kutoka ng'ambo, Kiarabu cha Juba, Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kinabeba soko, stendi na kambi, na Julai 2022 serikali ya Uganda iliridhia kukifanya lugha rasmi; lakini mama mzee wa kijijini Vurra hasimulii hadithi ya ukoo wake kwa Kiswahili, wala hasomi sana kwa lugha yoyote. Husikiliza. Radio Pacis, ya Jimbo Katoliki la Arua, iliyoanza Oktoba 2004 na kutuzwa na BBC mwaka 2007, ilielewa jambo hilo ikatangaza kwa lugha za watu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umelieleza hilo kwa mara nyingine: watu ambao hawakuwahi kuandika sentensi kwa Kikakwa sasa wanazungumza Kikakwa mtandaoni kila siku.

Kwa maandishi, mfano bora ninaoujua ni African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ulioanza hadharani mwaka 2014. Hadithi fupi za watoto zenye picha, kwa leseni huru, na Kilugbara kimo. Mwalimu au mkutubi anaweza kuichukua hadithi iliyopo kwa Kiingereza, akaitafsiri ukurasa kwa ukurasa, picha zikabaki zilezile, akaichapisha, kisha akaipakua na kuichapa kwenye karatasi. Sentensi mbili kila ukurasa, picha juu, maneno chini. Mtoto wa darasa la pili wa Arua anaona lugha ya nyumbani ikiwa imeandikwa kwenye kitu kinachofanana na kitabu. Chombo hiki hakina kelele za mitandao, hakina vidole gumba wala maoni, lakini kimempa mkutubi kazi ambayo mitandao mikubwa haikumpa: kuzalisha usomaji kwa lugha ambayo wachapishaji hawaoni soko lake.

Sauti ndiyo ambayo haijapata mahali. Chukua mfano wa jinsi inavyopotea. Mzee wa Kikakwa anaeleza asili ya jina la mto kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, mjukuu anautuma kwenye kundi, unasambazwa. Ukiutafuta ndani ya simu utaukuta kwa jina kama PTT-20230514-WA0012.opus. Tarehe, na namba ya zamu ya faili siku hiyo. Basi. Hakuna jina la msemaji, hakuna kijiji, hakuna lugha, hakuna mto. Tarehe yenyewe huenda ni ya siku simu hiyo ilipoupokea, siyo siku mzee aliposema. Simu ikijaa, mtu anafuta sauti zote za mwezi uliopita ili apate nafasi ya picha za harusi, na mzee ameondoka nazo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkutubi anaweza kuizuia hasara hiyo kwa daftari tu. Safu chache: jina la msemaji kama ameridhia litajwe, mahali, lugha, siku, nani alirekodi, kinahusu nini kwa sentensi mbili, na nani ameruhusu kisikike hadharani. Faili lipewe jina jipya linalolingana na namba ya daftari, linakiliwe kwenye diski mbili, moja isikae jengo lile. Ruhusa ina uzito wa pekee. Mazungumzo ya ukoo kuhusu ardhi, kwa mfano, hayapaswi kutoka hata kama yana utajiri wa lugha, kwa sababu Arua na Koboko zina kesi za ardhi ambazo sauti ya marehemu inaweza kuzichochea. Kisichoruhusiwa kihifadhiwe kimefungwa, au kisipokelewe kabisa.

Mpira una somo hilohilo kwa vijana. Onduparaka FC ilipopanda ligi kuu mwaka 2016, na Arua Hill SC ilipoingia ligi hiyo msimu wa 2021/22, shangwe za mashabiki ziliishi kwenye simu: picha za viwanja, nyimbo, mabishano. Kijana ambaye hajawahi kuingia maktaba angekuja kuona picha za timu yake zikiwa zimepangwa kwa msimu na mechi, na angeleta zake. Mkutubi akiwaomba mashabiki hao picha na maelezo, anapata wasomaji na hifadhi kwa mpigo mmoja. Mambo haya ya jana tu tayari yanapotea, na sehemu yake ilinaswa kwenye Facebook, iliyofungwa kwa miaka.

Wapo wanaosema hii si kazi ya maktaba ya mji mdogo. Waachiwe Makerere au Chuo Kikuu cha Muni. Siafiki. Muni imekuwepo tangu 2013 na ina nafasi yake, lakini watu wa kupeleka sauti ya babu yao hawaanzii chuo kikuu. Isitoshe, haja ya maandishi na sauti za Kilugbara sasa inatoka pia kwa watengenezaji wa tafsiri za mashine. Mwaka 2022 Sunbird AI na Makerere walitoa mkusanyo wa sentensi 25,000 za Kiingereza zilizotafsiriwa kwa lugha tano za Uganda, Kilugbara kikiwemo. Kazi njema. Lakini sentensi zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza haziwezi kubeba namna watu wa Arua wanavyobishana sokoni au wanavyomliwaza mfiwa. Maktaba yenye daftari la sauti zilizoruhusiwa ingeingia katika mazungumzo hayo ikiwa na neno la kusema kuhusu nani azitumie na kwa masharti gani.

Linabaki jambo la ofisi, ambalo ndilo huua majaribio mengi kimyakimya. Ukurasa wa maktaba hufunguliwa na mfanyakazi mmoja mwenye ari, kwa laini yake, simu yake, bando lake na neno la siri alilonalo kichwani. Akihamishwa au akistaafu, chaneli inaondoka naye. Halmashauri zina fungu la samani na pengine la vitabu. Fungu la intaneti likitajwa hueleweka kama starehe ya mfanyakazi. Kwa hiyo, kabla ya kubishana kuhusu TikTok, mkutubi aombe vitu vitatu kwa maandishi: laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, bando la mwezi ndani ya bajeti ya maktaba, na neno la siri lililoandikwa na kufungiwa ofisini, mtu wa pili akijua lilipo. Makabidhiano ya ofisi ya serikali tayari huorodhesha viti, meza, funguo na vitabu. Akaunti, diski mbili na daftari la sauti viingizwe katika orodha hiyohiyo, na visainiwe na anayetoka na anayeingia.